Barua kwa vijana wangu: kabla ya malengo, kaeni kimya kwanza

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Na salamu za mwaka mpya zimejaa mpaka simu inagoma kufunguka, zile picha za fataki zote zinafanana lakini asanteni, mzee akikumbukwa anafurahi.

Sasa nina neno. Naona karibu wote mnaanza mwaka mbio mbio, saa sita na dakika moja usiku mtu kashapost malengo kumi, kupunguza kilo, kufungua biashara, kusoma vitabu 52, sijui kuamka saa kumi alfajiri kila siku, alafu ikifika wiki ya tatu hamna anayemuuliza mwenzake imefikia wapi. Siwacheki jamani, mimi mwenyewe nimefanya hivo miaka mingi. Ila mnapanga mwaka ujao wakati huu uliopita hamjauangalia hata kidogo. Januari yenyewe jina lake limetokana na Janus, mungu wa milango wa Warumi wa kale, walimchonga kichwa kimoja sura mbili, moja inatazama nyuma na moja mbele. Sisi tumebakiza ile ya mbele tu.

Ninachowaomba ni saa moja ya kukaa peke yako kimya. Simu iache chumba kingine kabisa, kuizima sauti haitoshi, ikiwa mfukoni mkono utaifata wenyewe. Chukua daftari na kalamu. Na nawaambia mapema, robo saa ya kwanza ni fujo tupu, utakumbuka nguo hujaanua, utakumbuka meseji hujajibu, utasikia kiu ghafla. Kaa tu. Hizo kelele zinaisha zenyewe, na baada yake ndo yanaanza kuja yale uliyokuwa unayakimbia mwaka mzima. Hapo ndo wengi wanainuka na kusema wamechoka.

Mimi niliwahi kuinuka hivo hivo. Alafu kuna mwaka nikaamua kufungua madaftari ya nyuma kabla sijaandika kitu, nikakuta mstari mmoja kwenye miaka mitatu mfululizo, mwandiko ule ule: "kumlipa rafiki yangu hela yake." Mwaka wa kwanza nimeupigia mstari chini, wa pili nimeupigia mistari miwili, wa tatu nimeandika kwa herufi kubwa! Nikakaa nikauangalia. Kusema ukweli hela nilikuwa nayo tangu ule mwaka wa kwanza. Nilichokuwa nacho ni aibu, kwamba nimechelewa mno nitaanzaje kumpigia, kwahiyo kila nikichelewa aibu inaongezeka na nikiongeza aibu nachelewa zaidi. Lengo nililoandika lilikuwa la pesa na ugonjwa ulikuwa mwingine kabisa, ningeandika mara kumi lisingefanikiwa. Nikampigia siku ile ile. Akaniambia, "Hela nilishaisamehe zamani, ila wewe ulipotelea wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la maana.

Kwahiyo mkikaa, msijiulize mnataka nini, hilo mnalijua sana. Jiulize kipi umekiahirisha na kwanini hasa, nani unamkwepa, kitu gani kilikupa furaha ambacho hukumwonyesha mtu yeyote. Andika hata kama ni maneno matatu, hamna anayesahihisha.

Wengine mtasema nyumba zina watu, kimya kitoke wapi. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, alikuwa anafanya hesabu ya siku yake kila usiku taa ikishaondolewa, na mkewe kwa kuwa anaijua hiyo tabia ananyamaza mpaka amalize. Waambieni watu wa nyumbani tu, jamani nipeni saa moja. Na kingine nilichokipenda kwake, akiona kosa lake anajiambia usirudie tena, kwa leo nimekusamehe. Basi. Hajipigi viboko. Kuna vijana wangu hapa nawajua mkianza kujitazama mnageuka mahakimu wa kunyonga, hiyo sio tafakari, hayo ni mateso na asubuhi unaamka mbaya kuliko ulivyolala.

Na kama tarehe moja imeshapita usihuzunike. Uingereza mpaka mwaka 1751 mwaka wao wa kisheria ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, Januari mosi wamehamia 1752, kwahiyo hiyo tarehe ni makubaliano ya watu tu. Jumanne yoyote jioni inafaa.

Daftari langu la mwaka huu nimeshalifungua, limeandikwa mstari mmoja na siwaambii ni upi. Na nyie mkimaliza msinitumie picha ya daftari tafadhali, wala msiliweke stetasi.

Mzee wenu