Kabla hujajaza fomu ya sosholojia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, ila masahihisho ya tasnifu yalinibana. Unauliza kama nilikuwa na akili timamu kuacha mshahara nikasomee uzamili wa sosholojia, yaani elimu ya kuchunguza jinsi jamii inavyoishi. Kwetu bado wanadhani nasomea ustawi wa jamii, nami nimechoka kuwasahihisha.

Chanzo chake sikuwahi kukusimulia. Unakumbuka ile kazi yangu ya kuingiza hojaji kwenye kompyuta? Siku moja nilikuta karatasi ya mwanamke mmoja. Pembeni mhoji alikuwa ameandika kwamba mama huyu huamka kabla ya alfajiri, analea watoto wanne na kumuuguza mama mkwe. Kwenye kisanduku cha kazi: "Hana." Nikaingiza "hana" kama nilivyoagizwa, kisha nikabaki najiuliza, ni nani aliyekaa akaamua kipi ni kazi na kipi si kazi?

Darasani nikakuta wenzangu wamenitangulia zamani. Mwaka 1897 Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, alichapisha utafiti wake juu ya kujiua. Kwa takwimu za serikali alionyesha kwamba hata jambo la siri kiasi hicho lina mkono wa jamii: viwango vilikuwa vya juu kwa Waprotestanti kuliko kwa Wakatoliki. Waliokuja baadaye wakamkaba: na yule aliyejaza daftari la vifo, aliandika kilichotokea, au kile ambacho familia iliweza kukistahimili? Hapo nilicheka peke yangu, maana karani wa daftari nilishakuwa mimi. W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, alishika njia nyingine. Mwaka 1896 alihamia Philadelphia, akawa anabisha hodi nyumba kwa nyumba, anawahoji mwenyewe Wamarekani weusi wa kata moja. Matokeo yakatoka 1899. Mimi moyo wangu uko kwake, ingawa miguu huuma.

Kuhusu riziki sitakuficha. Nafasi za kufundisha chuo kikuu ni chache kuliko wanaomaliza uzamivu, kwa hiyo usiende ukihesabu uprofesa. Wenye ujuzi huu huajiriwa kwenye utafiti wa afya, uchambuzi wa sera, tathmini ya miradi na ofisi za takwimu. Na takwimu zenyewe usizikwepe! Wengi huja sosholojia wakikimbia hesabu, wanaikuta imekaa kwenye ratiba ya muhula wa kwanza.

Jina la chuo lisikubabaishe sana. Tafuta msimamizi anayesoma rasimu na kuzirudisha. Zungumza na wanafunzi wake faraghani. Wangu wa kwanza alikaa na sura moja ya tasnifu yangu miezi mitano.

Sasa na mimi nina ombi. Barua yako ina kurasa tatu, lakini sijaona popote ni jambo gani hasa linalokukera kuhusu watu wanavyoishi. Liandike kwa sentensi moja unitumie, hata kama limekaa vibaya. Nitakujibu upesi safari hii.

Ni mimi rafiki yako.