Barabara ndiyo inayotufuata sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya ile habari ya mkutano wa wananchi na madiwani kuhusu barabara ya mchepuko, hii tunayoiita baipasi, inayopendekezwa kupita nyuma ya mji ili malori ya makaa ya mawe yasipite tena Mikindani. Mliandika kwamba mkutano ulimalizika kwa maelewano. Mimi nilikuwepo, kiti cha plastiki, mstari wa tatu, tangu saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi. Maelewano sikuyaona. Niliona watu wanauliza, wanazungushwa, giza linaingia, wanakwenda zao.

Gazeti hili nalisoma miaka mingi, mchana wateja wakipungua, maana kazi yangu ni cherehani. Sijawahi kuliandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Barabara siipingi. Hakuna anayekaa Mikindani akaipinga. Malori yanatoka Ruvuma, yanakuja Tunduru, Masasi, Mnazi Mmoja, halafu yote yanatumwagikia sisi yakienda bandarini. Na barabara yetu imebanwa, huku maji, huku nyumba za kale za mawe. Yakikutana mawili, mwenye miguu anapanda baraza ya mtu. Mashati meupe ya shule nayashona nikiwa nimeyafunika nailoni, nafunua mkono ninaoushona tu, kwa sababu nikiliacha shati wazi nusu saa kola inakuwa ya kijivu. Kwa hiyo malori yapite kwingine, inshallah, na mapema.

Swali lililoulizwa na mzee mmoja wa mashambani lilikuwa jepesi. Aliuliza: watakapokuja wathamini wa kukadiria fidia, nani atakaa upande wetu atusaidie kuelewa tunachosaini? Akajibiwa urefu wa barabara. Akarudia. Akaambiwa fedha bado zinatafutwa. Mara ya tatu diwani mwingine akasimama, akasema wananchi wajihadhari, kwa sababu aliyemo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi iliyotengewa barabara kando zake, hana chake.

Hapo ndipo damu ilinichemka, na nataka Mheshimiwa huyo anisome vizuri. Hifadhi ya barabara gani? Watu waliokutwa ndani ya hifadhi tunawajua wote, tumeishi na zile alama za X zinazopigwa kwenye nyumba zao miaka na miaka. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyejenga ndani ya eneo la zamani aliifuata barabara, akapigwa X nyekundu, hakulipwa. Aliyekutwa na upanuzi barabara ndiyo iliyomfuata, akapigwa X ya kijani, na huyo ana haki ya fidia. Hata mtoto wa darasa la tano huku kwetu anazijua rangi hizo. Sasa hii baipasi leo haipo! Inapotakiwa kupita ni mikorosho, minazi, mihogo, visima viwili na makaburi ya wazee wetu. Mtu aliyepanda mkorosho wake kabla hujazaliwa wewe diwani, ameingiaje kwenye hifadhi ya barabara iliyoko kwenye karatasi? Barabara ndiyo inayotufuata sisi, sote, mpaka wa mwisho. Ukiwaambia wazee maneno yale mbele ya kipaza sauti unawatisha, na mzee aliyetishwa anasaini chochote anachowekewa mbele.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona nyumbani kwetu. Miaka ya nyuma, mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza darasa la kwanza, mradi mmoja ulipita kwenye shamba la mama yangu. Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, alikuwa anasoma maandishi makubwa, ya fomu hayasomi. Walikuja vijana wawili na daftari, jua kali, wakahesabu mikorosho wakitembea haraka, mmoja anataja, mwingine anaandika. Mama aliwafuata nyuma na khanga kichwani. Wakamfungulia kidau cha wino juu ya boneti ya gari, akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Mimi nilifika jioni. Kidole kilikuwa bado na wino wa buluu, karatasi hakuachiwa hata moja. Nakala tuliipata baada ya miezi, kwa kwenda na kurudi. Mikorosho ya mama ilikuwa 41. Alikuwa anaijua mmoja mmoja kwa jina, wa mlangoni, wa kichuguuni, wa bibi, wa mapacha. Karatasi ilisema 14. Mtu aligeuza tarakimu, basi, kosa la kalamu, na sidhani kama alikusudia. Tulipokwenda kulalamika tukaambiwa, mama umeshaweka dole gumba. Miti ilikuwa imekwishakatwa, hakuna cha kuhesabu upya. Mkorosho unapandwa, unaungojea miaka mitatu au zaidi ndipo uanze kukupa, halafu unakulisha maisha yako yote na ya mwanao. Mama alilipwa miti 14, akafa akiitaja ile 27.

Kwa hiyo mzee yule alipouliza nani atakuwa upande wetu, alikuwa anauliza swali la mama yangu, na jibu lake si kilomita.

Sheria zipo, tena si mbaya. Fidia si bei ya mti peke yake. Kuna thamani ya ardhi na maendelezo, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36 kwa anayevunjiwa nyumba, kuna faida aliyoipoteza mwenye biashara. Makaburi yana sheria yake tangu 1969. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, uthamini ukiidhinishwa halafu fidia isilipwe ndani ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa, na ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini unafanywa upya. Wangapi kwenye mkutano ule walikuwa wanayajua haya? Mimi nayajua kwa sababu yalitukuta, nikatafuta kujua. Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Sikusikia diwani hata mmoja akiwataja.

Na hizo huduma nyingine zilizoahidiwa kando ya barabara mpya, maegesho ya malori, vyoo, taa, mbona zisubiri baipasi? Malori yapo leo. Madereva ni watoto wa watu, wametoka Songea usiku kucha, wanangoja zamu ya kushusha, hawana choo. Wanaingia kwenye mikoko yetu, mahali akina mama wanapookota chaza. Usiku yanapangwa pembeni ya barabara bila taa, na mabinti wanaotoka masomo ya jioni wanapita katikati ya matairi. Nimempeleka binti yangu na kumrudisha muhula mzima, nimeacha kazi za watu mezani. Vyoo sita na uwanja wa kokoto havihitaji baipasi.

Ninachotaka ni hiki. Kabla bikoni ya kwanza, yaani alama ya wapimaji, haijachimbiwa, ofisi ya kata iweke meza moja chini ya ule mwembe wa nje, Jumanne na Ijumaa, saa tatu mpaka saa tisa, akae msaidizi wa kisheria anayejua Kimakonde pia, amsomee fomu kwa sauti kila anayekuja, na muda wote uthamini unapoendelea meza isiondolewe. Miti ihesabiwe mara mbili, mbele ya mwenyewe na majirani wawili, na kila mti uliohesabiwa ufungwe kitambaa. Vitambaa nitatoa mimi, vipande ninavyo magunia, bure. Idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Asiondoke mtu bila nakala yake mkononi, siku hiyohiyo, wino haujakauka.

Na madiwani warudi, na majibu yaliyoandikwa, yabandikwe kwenye ubao wa kata kabla ya mnada wa kwanza wa korosho msimu huu, wakati watu wote wapo mashambani na hakuna atakayesema hakusikia. Maswali yaliyoulizwa siku ile niliyaandika yote nyuma ya daftari langu la vipimo. Ni 11. Diwani akiyahitaji anijie hapa kwenye cherehani, tangu saa mbili asubuhi nipo.

Fundi cherehani,
Mikindani, Mtwara