Filamu ya Jumamosi: The Cell

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi usiku tutatazama The Cell, filamu ya mwaka 2000 ya Tarsem Singh, ambamo Jennifer Lopez anaigiza mtaalamu wa tiba ya akili anayeingia katika fikra za muuaji aliyepoteza fahamu, akitafuta alikomficha mwanamke aliyefungiwa kwenye chumba cha kioo kinachojaa maji. Mtazameni kwa makini yule farasi anayekatwa vipande na vioo vinavyoshuka ghafla. Hata hivyo, kilichoniumiza zaidi mimi ni mtoto anayeteswa na baba yake, kwa kuwa ndiye muuaji mwenyewe alipokuwa mdogo. Tafadhali, watoto wasiwepo, na yeyote atakayelemewa atoke bila kuomba radhi.