Sili za kamshafti zibadilishwe pamoja na mkanda wa taimingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye magari pamoja na mafundi wenzangu kuhusu jambo ambalo limeachwa kwa muda mrefu mikononi mwa mazoea. Mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaoendesha kamshafti, unapofikia muda wake wa kubadilishwa, suala la sili za kamshafti, yaani zile sili za oili zilizo nyuma ya puli za mkanda huo, huwa halitajwi kabisa, au hutajwa dakika za mwisho kama nyongeza ambayo mteja anaweza kuikataa bila hasara. Mteja naye huuliza swali moja tu: je, zinavuja? Fundi akichungulia na kukuta pakavu, mjadala umekwisha. Kifuniko kinarudishwa, na gari linaondoka na mkanda mpya unaozunguka mbele ya sili zilizochoka. Napinga utaratibu huo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na sababu ya sili hiyo kuwapo. Kamshafti ndiyo inayofungua valvu za injini, na inaendeshwa na krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa mnyororo au kwa mkanda, krankshafti ikizunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Mnyororo kwa kawaida hukaa ndani ya injini na kulainishwa na oili, kwa hiyo ncha ya mbele ya kamshafti haina haja ya kutokeza nje. Mkanda wa mpira ulipoanza kutumika katika magari yanayotengenezwa kwa wingi, Glas 1004 ya Ujerumani Magharibi ikiwa ya mwanzo mnamo 1962, mpangilio huo ulibadilika. Mkanda ulitakiwa kukaa pakavu, puli yake ikabidi iwe nje, na ncha ya kamshafti ikalazimika kutokeza kwenye uso wa silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini yenye valvu, ili kuifikia puli hiyo. Katika tundu hilo ndipo sili ilipowekwa, kazi yake ikiwa kuizuia oili ya ndani isiufikie mkanda ulio nje. Kwa maneno mengine, sili ipo kwa ajili ya mkanda, na anayevihudumia vitu hivi viwili kwa ratiba tofauti ameshasahau kwa nini kimojawapo kiliwekwa.

Ukiishika mkononi, sili ni pete ndogo tu. Upande wa nje ina gamba la chuma, mara nyingi likiwa limefunikwa kwa mpira, na upande wa ndani ina mdomo mwembamba unaolalia shafti, ukibanwa na springi ya mviringo ambayo wengi hawaioni mpaka ichomoke. Mahali mdomo unapogusana na shafti hapafiki hata upana wa milimita moja. Mstari huo mwembamba ndio unaobeba kazi yote, na unaibeba katika oili ambayo, injini ikishapata moto, huwa na joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Tufanye hesabu ya makadirio: gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litatumia saa 2,000 kumaliza kilomita 100,000, krankshafti ikizunguka kwa wastani mara 2,000 kwa dakika, kamshafti itazunguka mara 1,000, na mwisho wa safari hizo itakuwa imepita chini ya mdomo huo mara milioni 120. Sitaki kumtisha mtu kwa tarakimu, lakini hakuna mpira unaopita katika hali hiyo ukabaki jinsi ulivyotoka kiwandani.

Tofauti inaonekana kwa kidole. Chukua sili mpya, ubonyeze mdomo wake kwa kidole gumba, uachie: unanyumbuka na kurudi mahali pake papo hapo. Ifanyie hivyo hivyo sili iliyotolewa kwenye injini iliyokwisha kwenda umbali wa mkanda mmoja. Mdomo umekauka na kuwa mgumu, umejisugua ukawa bapa pale palipokuwa na ukingo mkali, na ukiubonyeza kwa nguvu kidogo unaweza kupasuka. Si ajabu kwamba sili hiyo ilikuwa haivuji. Ilikuwa inashikilia kwa sababu haijaguswa, na kwa sababu shafti na mdomo vimezoeana kwa miaka.

Hapo ndipo hoja ya "haivuji" inapoanguka. Swali linalopaswa kuulizwa siku ya kubadilisha mkanda si kama sili ni kavu leo, bali kama itabaki kavu kwa maisha yote ya mkanda unaofungwa leo. Watengenezaji hupanga muda wa mkanda kwa namna tofauti, kuanzia karibu kilomita 60,000 hadi zaidi ya 160,000, na wengi huongeza ukomo wa miaka hata kama gari limetembea kidogo. Mkanda mpya unaanza kuhesabu kutoka sifuri, ilhali sili ya zamani inaendelea kuhesabu kutoka pale ilipofika. Ikianza kuvuja katikati ya safari, mwenye gari hatanusurika kwa kubadilisha sili peke yake, kwa kuwa mkanda ulioloa oili haufutwi kwa kitambaa ukarudishwa. Oili hupenya kwenye mpira, mpira huvimba na kulainika, meno hupoteza mshiko wake kwenye nyuzi za ndani, na mkanda huweza kuruka meno au kukatika. Katika injini ambazo pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa kupishana, valvu iliyochelewa kufunga hukutana na pistoni, na kinachofuata ni valvu zilizopinda, silinda hedi kushushwa, na wakati mwingine pistoni kutoboka.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Sili ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika kazi hiyo. Kilicho ghali ni kuifikia: kufungua vifuniko, kuondoa mikanda ya nje, mara nyingi kuinua injini na kutoa kibebeo chake, kisha kuupanga upya mkanda kwenye alama za taimingi. Siku ya mkanda, yote hayo tayari yamelipiwa.

Kuna upande wa pili, nao una hoja ya kusikilizwa. Wapo mafundi wazuri, wenye uzoefu kuliko wangu, wanaosema kwamba sili kavu isiguswe, kwani wameona injini zilizoingia gereji bila hata tone la oili zikaanza kuvuja wiki chache baada ya kufungwa sili mpya. Wanachosema ni kweli. Ila tukichunguza kilichotokea, tutakuta kwamba kosa halikuwa la sili mpya, bali la mkono ulioiweka. Bisibisi huchomekwa kati ya sili na shafti, huzungushwa kwa nguvu, na chuma kinachopaswa kuwa laini kama kioo kinabaki na mkwaruzo. Mkwaruzo huo, hata ukiwa mwembamba kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha tu, ni mfereji wa kupitishia oili, na hakuna sili ya kawaida itakayouziba. Ikiwa gereji haina subira ya kuitoa sili bila kugusa shafti, basi ni afadhali iiache ilipo na mteja atafute gereji nyingine.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeiheshimu. Injini kwanza hupangwa kwenye alama na kamshafti hushikiliwa kwa kifaa chake, kwa maana kuilegeza bolti ya puli huku mkanda ndio unaozuia mzunguko ni kuuvuta mkanda kinyume cha kazi yake na kuhatarisha mpangilio wote. Puli ikishatoka, sili hutolewa kwa kulivuta gamba lake, si kwa kuuchokonoa mdomo. Fundi anaweza kufunga skrubu ndogo kwenye gamba kwa uangalifu na kuivuta kwa koleo, mradi ncha ya skrubu isifike kwenye shafti wala kwenye ukuta wa tundu. Shafti husafishwa na kukaguliwa. Kama mdomo wa zamani umeshachimba mstari unaohisiwa kwa ukucha, baadhi ya injini huruhusu sili mpya kukaa kina tofauti kidogo ili mdomo wake upate chuma kisicholika, lakini hilo linategemea nafasi iliyopo na maelekezo ya mtengenezaji. Mdomo hupakwa oili safi, sili husukumwa kwa soketi au bomba lenye kipenyo cha gamba, ikiingia sawasawa pande zote, na hugota pale ya zamani ilipokuwa bila kugongwa hadi chini kabisa.

Nionye hapa juu ya jambo moja linalowaponza hata mafundi makini: si sili zote hupakwa oili. Zile zenye mdomo wa PTFE, aina ya plastiki yenye utelezi, ambazo mara nyingi hufika na kikombe cha plastiki cha kuzielekeza kwenye shafti, kwa kawaida hufungwa kavu juu ya shafti kavu, na baadhi ya watengenezaji huagiza zikae kwa saa kadhaa kabla injini haijawashwa ili mdomo upate umbo lake. Anayezipaka oili kwa mazoea ataona uvujaji, kisha atalaumu kipuri.

Kabla ya sili kubebeshwa lawama ya uvujaji wowote, inafaa kutazama juu yake. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikipasuka, oili hutiririka mbele ya silinda hedi na kuingia nyuma ya puli, na mtu anayetazama kwa haraka ataapa kwamba inatoka kwenye kamshafti. Vilevile njia ya kupumulia ya injini ikiziba, gesi zinazopenya kando ya pistoni hukosa pa kutokea, shinikizo la ndani hupanda, na oili hutafuta mlango ulio dhaifu kuliko yote. Gari la namna hiyo litafungwa sili mpya leo na kurudi tena likiwa linavuja, na fundi ataonekana mwongo ilhali hakusafisha valvu ndogo ya kupumulia.

Ninayoyasema juu ya kamshafti yanahusu pia sili ya mbele ya krankshafti, ambayo iko chini ya mkanda huohuo na huzunguka kwa kasi maradufu. Hayahusu injini zenye mkanda unaofanya kazi ndani ya oili, kama baadhi ya zile ndogo za lita moja za Ford EcoBoost, ambako mkanda umetengenezwa kwa mpira unaostahimili oili na adui yake ni oili isiyo sahihi au iliyochelewa kubadilishwa.

Nadhani chanzo kikubwa cha tatizo hili ni boksi. Seti nyingi za mkanda huuzwa zikiwa na mkanda, roli za kukaza na kuongoza, na baadhi zina pampu ya maji, lakini sili kwa kawaida hazimo. Kisichomo kwenye boksi hakikumbukwi mpaka puli iko mezani, na wakati huo hakuna anayetaka kuliacha gari likiwa wazi akisubiri kipuri kitafutwe. Kwa hiyo ombi langu kwa gereji ni kwamba sili ziagizwe mapema kwa namba ya injini, ziandikwe kwenye makadirio ya kazi kama sehemu ya huduma ya mkanda, na anayeziondoa kwenye makadirio hayo aeleze kwa maandishi sababu ya kuziondoa. Kwa wenye magari, ulizeni kabla kazi haijaanza, mtake kuoneshwa sili zilizotolewa, na kwenye ile karatasi inayobandikwa kuonesha mkanda ulifungwa kilomita ngapi, hakikisheni pameandikwa pia sili zilifungwa kilomita ngapi. Gari likiuzwa, mnunuzi na fundi wake watajua wanaanzia wapi.

Wako,
Fundi wa magari na msomaji wa gazeti lako