YAH: BAO LETU KUMWAGWA NA MENEJA WA BAA YENU YA SINZA

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa hasira bado ninayo na naimeza pamoja na chai asubuhi hii. Taratibu zenu za kupokea wateja mnazijua wenyewe, mmezibandika hadi mlangoni pa choo. Kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye Jumamosi.

Ilikuwa saa mbili kasorobo usiku, meza ya pembeni chini ya mwembe, tuko wanne. Mimi na mzee wetu tulikuwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ambapo kete za mkononi zinaingizwa baoni, yeye kabakiwa na kete mbili mkononi. Alikuwa amekula kete zangu, akazisambaza, akaja kuishia kwenye nyumba yake, lile shimo kuu, yenye kete 11. Hapo akasimamisha mkono, anafikiri: alale, yaani zamu yake iishie hapo, au asafiri, yaani azibebe kete za nyumba aendelee kuzisambaza. Anayelijua bao anajua kwamba wakati huo hata mwenye kikohozi hukizuia. Meneja wako akatokea na baunsa, akasema meza inatakiwa na watu wa mpira. Tukamwomba dakika kumi tumalize. Akalishika bao upande wa kichwa, akaliinua, akalimwaga. Kete zikaenda kwenye sahani ya mishkaki, nyingine mchangani kwenye vizibo na vichungi vya sigara.

Watu wa mpira sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe nina timu, na siku hiyo ilikuwa imeshafungwa.

Suala la bili nalo nisilisahau. Tulilipa shilingi 74,000 kwa lipa namba, saa moja kabla ya tukio, kwa sababu mhudumu alisema anabadilishana zamu. Tulipodai risiti tukaambiwa mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, haina karatasi. Haina karatasi Jumamosi, mwisho wa mwezi! TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai. Nyinyi hamkutoa. Lakini meneja alipotaka kutuonyesha kwamba tunakaa muda mrefu kwa "bia mbili mbili", ile orodha ya tulivyokunywa aliitoa kaunta dakika hiyo hiyo, na karatasi ilikuwepo.

Halafu akatuita wacheza kamari. Mkurugenzi, hapo pembeni ya kaunta yenu kuna mashine tatu za kutumbukiza sarafu, zinalia na kuwaka taa usiku kucha, na vijana wanamaliza nauli zao pale. Nchi hii ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na sheria yake ni ya mwaka 2003. Mwambieni meneja wenu aisome, atafute bao limeandikwa wapi. Bao halina dadu. Mashimo ni 32, kete ni 64, zote mnaziona wote wawili, na ukifungwa umefungwa na kichwa chako mwenyewe. Nakiri kwamba aliyefungwa alikuwa ananunua raundi. Alikuwa anainunua wapi kama si kwenu?

Jumatatu nilipiga simu yenu ya huduma kwa wateja. Dakika 14 nasikiliza muziki, kisha binti mmoja mwenye adabu akaniuliza, "Samahani, bao ni kifaa cha aina gani?" Nikamweleza. Akaniuliza kama nina risiti.

Nirudi pale mezani, maana naona nimelieleza jambo lenyewe kwa upole kuliko lilivyokuwa.

Meneja hakuja akaomba meza. Alikuja akasimama nyuma ya mzee na kumwambia, "We mzee, hapa ni baa, siyo baraza. Mawe yenu mkachezee kwenu." Hakutoa shikamoo. Mzee ana miaka 71, na meneja wako namkadiria umri wa mwanangu wa mwisho. Mzee hakugeuka hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye nyumba. Alichofanya ni kuinua kidole kimoja, kama mtu anayemwambia mtoto asubiri. Nadhani kidole hicho ndicho kilichomuudhi meneja. Aliinua bao wakati mkono wa mzee bado uko juu yake, ukingo ukampiga kwenye kifundo cha mkono. Likamponyoka, likaanguka ukingoni mwa saruji, likapasuka kutoka kichwa hiki hadi kichwa kile. Bao la mninga, Mkurugenzi. Marehemu mjomba wangu alilichonga Pangani kabla mimi sijaoa. Komwe, zile mbegu tunazozitumia kama kete, zikatawanyika, baunsa akazikanyaga akielekea kuvuta viti. Halafu mzee akapiga magoti. Pale mchangani, mbele ya watu, akaanza kuokota moja moja na kuzifuta kwa kanzu yake. Yule mhudumu wa zamu ya pili akapiga magoti naye akamsaidia, na meneja akamfokea arudi kaunta. Huyo dada naomba asiguswe. Ni mtu pekee aliyelinda jina la kampuni yenu usiku ule.

Tulizihesabu kwa mwanga wa simu. Zilikuwa 57. Jumapili asubuhi mama wa jikoni alitupatia nyingine mbili alizozifagia. Mpaka leo zimepungua tano.

Mtasema komwe zinaokotwa vichakani kule pwani. Ni kweli. Ila hizo za kichakani zina miiba ya maganda na bado ni ngeni mkononi. Hizi zilikuwa zimelainishwa na vidole vya watu ambao wengine tumeshawazika.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na ombi moja tu: meneja aende kwa mzee, ampe shikamoo yake, amwombe radhi. Ombi hilo liko palepale. Lakini kadiri ninavyoandika naona halitoshi. Nataka pia fundi wa kuliunga bao kwa gharama zenu, fundi nitakayemchagua mimi, msije mkaniletea mtu wa kupiga misumari. Nataka shilingi 74,000 zetu, pamoja na risiti ya EFD ya siku ile. Na meneja huyo asisimamie tena baa yenye wateja waliomzidi umri, ambazo nadhani ni baa zenu zote.

Nawapa siku saba. Zikipita kimya, nakala ya barua hii itapelekwa Tume ya Ushindani kwa upande wa mlaji, na nyingine TRA kwa upande wa karatasi iliyokuwa haipo. Rafiki yetu wa nne pale mezani ni wakili. Alikuwa amenyamaza muda wote, na ninyi hamjui wakili akinyamaza anafanya nini. Alikuwa anarekodi.

Jumamosi ijayo saa kumi jioni tutakuja, wanne wale wale, na bao likiwa limefungwa kamba. Meza ni ile ya chini ya mwembe. Kete tano naomba tuzikute kaunta.

Wako katika kusubiri majibu,

Mteja wenu wa miaka tisa,
Sinza, Dar es Salaam