Wale masuria wa Maruhubi walikuwa watu

Ndugu mhariri, asalaam aleikum,

Naomba kipande kidogo niseme hili la Maruhubi maana limenikaa rohoni toka juzi. Mpwa wangu kaja likizo kutoka Dar, nikampandisha daladala ya Bububu tukashuka pale kwenye magofu ya kasri ya Maruhubi hapa Unguja, si mbali, kama kilomita nne tu kutoka mjini. Tukakuta kundi la wageni, anayewatembeza anawaambia ati mfalme alikuwa na masuria 99 humu na mke mmoja, kazi alikuwa nayo kweli huyu baba, watu wakacheka, picha mbili tatu kwenye zile nguzo, dakika kumi hawapo.

Sasa mi sikatai, kasri ni ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ilikwisha kujengwa 1882, ikaja kuungua 1899, mbao zikateketea zikabaki nguzo nene za mawe na chokaa, hamamu, na birika ambalo siku hizi limeota mayungiyungi. Na harimu yake, yaani makazi ya wanawake wake, ndo ilikuwa hapo, sawa. Lakini hao masuria mbona wamegeuzwa kichekesho? Suria si hawara jamani, ni mwanamke aliyenunuliwa, kaletwa kutoka mbali huko hajui hata lugha. Barghash mwenyewe mamake alikuwa suria wa Kihabeshi! Na dada yake Bi Salme, aliyezaliwa hapo Mtoni 1844, mamake suria wa Kicherkesi. Tena mtoto wa suria alihesabiwa huru sawa na wa mke, ndo maana Barghash akakaa kitini toka 1870 mpaka alipofariki 1888. Hili halisemwi, nadhani kwa sababu halichekeshi.

Mpwa wangu ana miaka 11. Tumesimama mle hamamuni, kuta zimechubuka, marumaru zake zishaibiwa zamani, akaniuliza, mjomba, walikuwa wanaitwa nani? Nikabaki namtazama, nikamnunulia maji tukaondoka.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo, waweke kibao cha Kiswahili kinachosomeka, kiseme hao wanawake walitoka wapi na walifikaje hapo, na nyie vijana mnaotembeza wageni hiyo 99 mnaweza kuitaja lakini msiishie hapo. Likizo ijayo yule mtoto anarudi na kashaniambia tutakwenda tena.

Msomaji wako,
Bububu, Unguja