Bandikeni hesabu za mgao langoni

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala wa Dandora, na mjukuu wangu yuko Gredi ya Nne katika shule ya msingi ya umma hapa mtaani. Muhula huu niliitwa shuleni kwake nitengeneze madawati ya Gredi ya Tano. Ya nyuma yote yalikuwa yamelegea miguu. Moja lilikuwa limepasuka katikati, na binti aliyelikalia alikuwa amejibanza ukingoni, sketi yake imenaswa na msumari. Nikamuuliza amekaa hivyo tangu lini. "Tangu tufungue, guka," akanijibu.

Kazi yenyewe haikuwa nzito. Kipande cha mbao ya saiprasi kutoka Gikomba, misumari ya inchi tatu, gundi kidogo. Dawati moja halikunichukua hata nusu saa. Kilichonikaa moyoni ni maneno ya mwalimu aliyenipokea: pesa za kunilipa walikuwa wamechanga walimu, kwa kuwa mgao wa serikali umekwisha. Nami nilikuwa nimepita pale langoni wiki chache awali nikaona rangi mpya, na ukutani dira ya shule imeandikwa kwa herufi kubwa.

Simshtaki mtu kwa wizi. Huenda hata lango lilihitaji rangi. Ninalolalamikia ni kwamba sisi wazazi na walezi hatukuulizwa lipi litangulie, na mpaka leo hatujui kiasi gani kiliingia.

Serikali hupanga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma; mgao huo ndio huitwa kapitesheni. Shule ya watoto 1,000, basi, inastahili Sh1,420,000. Pesa hizo hupangwa kuja kwa mafungu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, na mara nyingi huchelewa. Zikishafika zina mambo mengi ya kulipia, hilo nalielewa kabisa. Ndiyo maana ni lazima tukae pamoja tuamue. Darasa likijengwa na NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, jina la hazina hiyo huandikwa ukutani na kila mtu akalisoma. Za kapitesheni huingia na kutoka bila mzazi kuona hata karatasi.

Elimu ya bure ilipoanza mwaka 2003, mgao ulikuwa Sh1,020, na kifungua mimba wangu alikuwa ndiyo anaingia darasa la kwanza. Mwalimu mkuu wa wakati ule alibandika karatasi nje ya ofisi: zimeingia hizi, vitabu hivi, chaki hii, maji haya. Tulikuwa tukisoma tukiwa tunawangoja watoto, na palipokosekana kitu tulijua kwa nini.

Naiomba halmashauri ya shule yetu, na za shule nyingine za Nairobi, zirudishe karatasi ile kabla fungu lijalo halijatumika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imetambua chama cha wazazi, na Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Orodha ibandikwe langoni, si ndani ya ofisi ambako mama anayeuza mboga hafiki: kiasi, tarehe, kilichonunuliwa, kilichobaki.

Mwakani mjukuu wangu atahamia darasa lile la madawati. Ubao wa kubandikia hesabu hizo nitautengeneza mimi, mbao na misumari juu yangu.

Fundi seremala,
Dandora, Nairobi